Kabla hujafunga kibao, bonyeza kucha

Mtoto wa dada yangu alianguka kwenye mchikichi siku mbili baada ya Krismasi, mida ya saa nne asubuhi, kwa mama upande wa Simbo, sisi wakubwa tukiwa nyuma ya nyumba tunachemsha mawese. Hakua juu sana, labda mara mbili ya kimo cha mtu mzima, lakini alitanguliza mkono, na mtu akianguka akitanguliza mkono uzito wote unakuja kuishia hapa juu ya kiganja au kwenye kiwiko. Tulisikia kishindo, kisha kimya, kisha ndo kilio. Kile kimya ndo kilichonitoa mbio mpaka nikaangusha mwiko.

Ndani ya dakika mbili watu wamejaa na kila mtu ana dawa yake. Mjomba anasema mnyoosheni sasa hivi damu ikiwa bado ya moto, mama mdogo keshabandika maji jikoni amchue, jirani anasema mbona vidole anachezesha, huyo kateguka tu, mpakeni mawese ya moto mfunge na kitambaa. Na wote hao wanampenda yule mtoto, hakuna mwenye nia mbaya hata mmoja, ndivyo walivyolelewa na ndivyo na mimi nilivyolelewa, nisingepelekwa semina ya huduma ya kwanza na shule ninayofundisha ningekua wa kwanza kushika yale maji.

Alietuliza watu ni kaka yangu mkubwa. Alisimama kati akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya wote akasema "Mnataka awe na huu?" Watu wakanyamaza.

Ngoja nieleze huo mkono maana ndo sababu naandika. Kaka alianguka kwenye mwembe akiwa na miaka minane, akavunjika juu kidogo ya kiwiko. Wakati huo kwenda hospitali ilikua safari, na pale jirani kulikua na mzee anaeunga mifupa, mzee wa heshima zake, ameunga watu wengi wakapona. Akamvuta, akamnyoosha, akampanga vijiti kuzunguka mkono kuanzia karibu na bega mpaka kwenye kiganja, akakaza kamba kweli kweli, akasema akilia ujue mfupa unashikana. Akalia usiku mzima, na mchana wake, na usiku mwingine. Mama anambembeleza vumilia mwanangu. Siku ya tatu akanyamaza tukashukuru Mungu, kumbe kanyamaza sababu mkono hausikii tena. Kufungua, vidole vimevimba, vya baridi, rangi imebadilika. Hospitali waliuokoa mkono usikatwe lakini nyama za hapa chini ya kiwiko zilikua zimeshakufa, zikasinyaa, zikavuta vidole. Mpaka leo vimejikunja kama mtu aliyeshika kikombe, na hawezi kufunga kifungo cha shati kwa mkono ule.

Nilikuja kuelewa kilichotokea ukubwani. Nyama za mkono na za mguu zimekaa kwenye mifuko migumu ambayo haitanuki, mfupa ukivunjika damu na maji vinajaa humo humo na presha inapanda, sasa ukija na kamba ya nje ambayo haiachii unakua umefunga mlango kabisa, damu mpya haiingii. Nyama na mishipa ya fahamu ikikosa damu kama masaa sita hivi inaanza kufa na ikishakufa hairudi. Daktari mmoja wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliuandika mkono kama wa kaka mwaka 1881, akaeleza kwamba bandeji iliyokazwa sana inaleta hivyo. Mwaka 1881! Elimu imekuwepo miaka yote hiyo ila haikufika chini ya mwembe wetu.

Basi turudi kwa mtoto. Cha kwanza kabisa sikugusa mkono. Nilimuuliza umeanguka vipi, kichwa umepiga? Shingo inauma? Mgongo? Miguu unaisikia? Maana mtu akidondoka kutoka juu watu wote wanakimbilia kwenye mkono uliopinda kumbe shingo nayo imeumia, na huyo mwenye maumivu ya shingo au mgongo, au anaesema miguu imekufa ganzi, hanyanyuliwi, hakalishwi, hapewi hata mto, anashikiliwa kichwa pale pale alipolala kikae usawa na mwili mpaka wapatikane watu na ubao wa kumbebea. Mtoto alijibu vizuri, shingo anageuza mwenyewe bila maumivu, alilia mkono tu. Hapo nikapumua.

Sasa kuvunjika unakujuaje. Kwa yule ilikua wazi, ukiuangalia mkono kwa ubavuni ulikua na kigongo juu ya kiganja kama uma wa kulia chakula uliolazwa kifudifudi. Lakini mara nyingi haiwi wazi hivyo, kwa hiyo uweke ulioumia pembeni ya mzima, vyote wazi bila nguo, ulinganishe. Umepinda? Umekua mfupi? Umevimba haraka? Umevilia damu? Alafu kwa kidole kimoja, taratibu, gusa ukifuata mfupa wenyewe, sio nyama, na ukikuta sehemu moja ndogo ambayo ukiigusa anaruka, hiyo ina uzito kuliko maumivu ya jumla jumla. Muulize pia kama alisikia mlio wakati anaanguka. Kuna ile ya mifupa kusagana ndani, ukiisikia kwa bahati mbaya basi umeshajua, ila usiitafute, usimchezeshe mtu mkono eti usikie kama unalia, kule ndani ncha za mfupa zimekaa pembeni ya mishipa.

Na hili la "anachezesha vidole kwahiyo hajavunjika" naomba tuliache jamani. Vidole vinavutwa na nyama zilizoko huku juu, mfupa unaweza kua umepasuka na vidole vikacheza vizuri tu. Hali kadhalika mguu, watu wanasema mbona anakanyaga. Kwenye kifundo cha mguu madaktari wana kipimo chao cha kuamua kama mtu apigwe eksirei, mojawapo ya vitu wanavyoangalia ni kama anaweza kutembea hatua nne, kuchechemea ruksa, na kama ukibonyeza ule mfupa uliojitokeza kifundoni kwa upande wa nyuma unauma. Asipoweza hizo hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma, sio wa kuchuliwa huyo, ni wa eksirei.

Kwa watoto kuna kitu kingine. Mfupa wa mtoto ni kama kijiti kibichi, ukikipinda hakikatiki pwaa kama kuni kavu, kinapasuka upande mmoja na upande mwingine kinabaki kimepinda. Kwa hiyo mtoto anaweza asiwe na uvimbe mkubwa, anaweza hata kunyamaza baada ya nusu saa, ila hautumii ule mkono. Mtoto ambae tangu aanguke anakula kwa mkono wa pili na ule mwingine kaubeba kifuani, mpeleke. Na ukiwa hujui, umeangalia umeangalia hujaelewa, mchukulie kama kavunjika. Aliyeteguka ukimfunga kibao hajapoteza kitu.

Haya sasa kufunga. Kwenye vitabu wanaita gango, sisi huku tunasema vibao tu. Kazi yake ni kuzuia mfupa usitikisike njiani, basi. Sio kuunyoosha. Ukiukuta umepinda unaufunga ulivyopinda, kunyoosha ni kazi ya mtu aliyesomea na ana dawa ya usingizi na eksirei mbele yake.

Kabla sijafunga chochote nilibonyeza ukucha wake mpaka ukawa mweupe, nikaachia, nikahesabu moja, mbili. Rangi inatakiwa irudi ndani ya hizo sekunde mbili. Ilirudi. Nikamwambia fumba macho, nikachukua jani nikamgusa kidole kimoja kimoja, nimegusa kipi? Akapatia vyote. Nikamwambia chezesha vidole, akachezesha. Vitu vitatu hivyo, rangi, kuhisi, kuchezesha, havichukui hata dakika moja, na ndo vinavyokuambia damu inafika na mishipa ya fahamu iko sawa. Usipoangalia mwanzo, baadae akiwa na ganzi hutajua ni ya kuanguka au ni wewe umekaza. Alikua na bangili ya shanga mkononi nikaikata na mkasi, alilia kwa ajili ya bangili kuliko mkono, lakini pete na bangili vinatoka mapema kabla uvimbe haujaja, ukichelewa vinakua kamba ya chuma.

Kibao tulipata pale pale. Tulichukua kuti la mchikichi lililoanguka, lile shina lake ni jepesi na gumu, nikakata kipande cha kutoka kwenye kiwiko mpaka kupita kiganja, nikakipasua katikati kwa panga nikapata upande bapa. Angalizo, shina la mchikichi lina miiba pembeni, ikatwe na ikwanguliwe yote. Nikakizungushia kanga kukuu mara kadhaa kiwe laini, maana mfupa wa kiwiko na wa hapa kwenye kiungo cha kiganja ukikaa kwenye ubao mtupu unachubuka. Kama huna kuti hata katoni la boksi ukilikunja mara tatu linafaa, gazeti lililokunjwa nene, rula ya mita ya shuleni, kipande cha godoro kwa mtoto mdogo. Nimeona mtu kaletwa kafungwa na mwamvuli, na ulikua umefungwa vizuri.

Urefu una kanuni yake na hii naomba uishike. Mfupa ukivunjika katikati ya viungo viwili, kibao kifunge kiungo cha juu yake na cha chini yake, vyote visicheze. Kama kilichoumia ni kiungo chenyewe, mfano kiwiko, basi ufunge mfupa wa juu na wa chini. Watu wengi wanafunga kijiti kifupi pale pale panapouma, huo ni urembo, mkono unaendelea kujipinda.

Nilimwekea kitambaa kilichokunjwa ndani ya kiganja vidole vikae kama vimeshika embe dogo, maana mkono haupendi kunyooshwa bapa. Kisha nikachana kanga vipande vipana vya kama vidole vinne, nikafunga juu ya panapouma na chini yake, sio juu yake penyewe, mafundo nikayaweka upande wa ubao. Kamba nyembamba usitumie, inakata. Na vidole vibaki nje, vionekane, kila saa uvione.

Nikabonyeza tena kucha. Kidole cha mwisho kilibaki cheupe. Nilikua nimekaza. Pamoja na semina, pamoja na mkono wa kaka niliouona maisha yangu yote, nilikaza, kwa sababu mikono inakutetemeka na unataka kibao kisichomoke. Nikafungua fundo la chini, nikalirudia kwa ulegevu kidogo, kidole changu kimoja kikapita chini ya kitambaa, na rangi ikarudi. Ningeacha kuangalia mara ya pili ningempandisha mtoto kwenye gari hivyo hivyo.

Alafu kanga nzima nikaikunja kwa pembe, ikawa pembetatu, tukambebesha mkono shingoni, kiganja kiwe juu kidogo kuliko kiwiko ili uvimbe usishuke kwenye vidole, na kipande kingine nikazungusha kifuani kubana mkono mwilini gari likirukaruka kwenye mashimo usiyumbe. Aliacha kulia hapo hapo. Mkono ukitulia maumivu yanapungua sana, hata bila dawa, na hilo ndo jambo ambalo mama mdogo alilishangaa kuliko yote.

Nataka niseme kidogo kuhusu hawa wazee wanaounga mifupa maana sipendi wanavyosemwa. Kuna vibao maarufu vya kuvunjika paja vinaitwa Thomas, vimepewa jina la Hugh Owen Thomas, daktari aliyezaliwa Wales 1834, na ukoo wake walikua waunga mifupa wa kienyeji, baba yake alikua anaunga mifupa bila cheti cha udaktari. Yeye akaenda kusomea, akachukua ule ujuzi wa nyumbani akauchanganya na wa shule, na mpwa wa mke wake, Robert Jones, akaja kuhimiza vile vibao vitumike Vita ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi waliovunjika mapaja wakaacha kufa kwa wingi kama mwanzo. Kwa hiyo mikono ya wazee wetu ina ujuzi, sibishi. Ninachoomba kwao ni viwili, vidole vibaki nje, na mtu akisema maumivu yanazidi badala ya kupungua, kamba ifunguliwe siku hiyo hiyo na apelekwe hospitali. Maumivu yanayozidi ndani ya kifungo ni mkono unaoomba msaada.

Mguu sasa, hasa paja, ni habari nyingine kabisa na ndo unaoniumiza kichwa kwa sababu ya bodaboda. Paja likivunjika, hata kama hakuna kidonda, mtu anaweza kumwaga lita moja mpaka moja na nusu ya damu ndani ya nyama, hauoni tone nje. Unaona tu mguu umekua mfupi, mguu wa chini umegeukia nje, paja limejaa, na baadae anakua mweupe, jasho la baridi, anahema haraka, anaomba maji. Huyo tunambeba vipi? Mshikaki. Nimeona kwa macho yangu, majeruhi katikati, mmoja nyuma kamkumbatia, mguu unaning'inia, pikipiki inakimbia kwenda mjini. Kila shimo ncha za mfupa zinachana nyama upya. Tafadhali, mtafutieni gari, hata pickup ya dagaa, alale. Mfunge mguu ulioumia na mguu mzima, weka shuka au nguo zilizokunjwa katikati ya mapaja, magoti na vifundo, funga kwa vitenge vipana, vifungo viwili juu ya panapouma na viwili chini, ukipitisha vitenge kwenye uwazi ulioko chini ya magoti na vifundo bila kumnyanyua. Mbebe kwenye mlango, ngazi, au kitanda cha kamba. Kama una ubao mrefu wa kutoka kwapani mpaka chini ya kisigino, mzuri zaidi. Mfunike asipate baridi. Chai, soda, uji, maji ya sukari, hapana, anaweza kuhitaji kuingia chumba cha upasuaji na tumbo liwe wazi, mlowanishe midomo tu. Kama ni ajali ya barabarani mtu mwingine aende polisi kufuatilia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, majeruhi yeye aende moja kwa moja kutibiwa.

Bibi zetu nao, akiteleza bafuni akashindwa kunyanyuka na mguu umegeukia nje, ni nyonga hiyo, usimlazimishe asimame "ajaribu."

Na mfupa ukitoka nje ya ngozi, au pana kidonda hata kidogo juu ya panapodhaniwa pamevunjika, ni ile ile, umevunjika na uko wazi, uchafu una njia ya kuingia mpaka kwenye mfupa. Usiurudishe ndani. Usiweke majivu, majani ya kutafuna, mafuta, unga wa vidonge, chochote. Funika na kitambaa kisafi kabisa ulichonacho, kama damu inachuruzika kandamiza pembeni ya mfupa sio juu yake, funga kibao, kimbia. Dawa za kuzuia maambukizi zinasaidia zaidi zikiwahi, saa ya kwanza ndo nzuri kuliko zote, na ile sindano ya pepopunda nayo waulize.

Sisi tulipata Noah ya jirani. Kaka alikaa nyuma na mtoto. Njia nzima kutoka Simbo mpaka mjini nilikua namuona kwenye kioo, kila baada ya dakika chache anachukua kile kidole kidogo kwa mkono wake wa kulia, anabonyeza ukucha, anaachia, midomo inahesabu. Hakuna aliyemwambia. Mtoto mwisho akawa anampa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama mchezo.

Eksirei ikaonyesha mifupa yote miwili ya hapa chini imevunjika karibu na kiganja. Wakampa dawa, wakaunyoosha, wakamfunga hogo, yaani plasta ngumu. Yule daktari alitukalisha akatueleza, mkono ukae juu ya usawa wa moyo siku mbili tatu za kwanza, vidole avichezeshe kila mara, hogo lisilowe, asiingize kijiti kujikuna, na usiku au mchana vidole vikiwa vya baridi, vyeupe au bluu, au vina ganzi, au maumivu yakazidi hata baada ya dawa, au akinyooshewa vidole akapiga kelele, tusisubiri kukuche, turudi. Kaka akamwomba arudie taratibu. Akarudia. Kaka akaniambia wewe mwalimu andika, nikaandika nyuma ya bahasha ya eksirei kwa herufi kubwa.

Hogo lilitolewa baada ya wiki sita, mkono ulikua mwembamba na unabanduka ngozi, sasa hivi anachota maji nao. Ile bahasha dada kaibandika ukutani pembeni ya kalenda, na mwezi uliopita jirani yule aliyesema mtoto kateguka tu alikuja na mwanae kaanguka na baiskeli, akasimama pale ukutani anasoma huku kamshika mtoto kidole, anabonyeza.